Tumefunzwa Kuandika C, Kuunganisha Tumeachiwa Wenyewe

Sisi tunaolalamika hapa ni wanafunzi wa vyuo vya kiufundi na vyuo vikuu, wakufunzi wa muda, mafundi wa viwandani, wenye saiba, na vijana waliomaliza diploma wakarudi nyumbani kutafuta kazi. Wengine tunaishi Makongeni, Kiganjo na Landless upande wa Thika. Wengine Kimbo, Kihunguro na Membley upande wa Ruiru. Na wengine tumepanga vyumba Juja, katikati ya miji hiyo miwili. Kenyatta University iko Kahawa, JKUAT iko Juja, Mount Kenya University iko Thika mjini, na kati yake kuna vyuo vidogo vidogo ambavyo mabango yake yamejipanga kando ya barabara kuu. Ni nadra kupanda matatu kwenye njia hii usikae kando ya mtu anayesomea kompyuta.

Na karibu sote tumesoma C. Tumefundishwa vigeu, vitanzi, safu na viashiria. Tumeandika programu za kupanga namba na za kukokotoa mshahara, nyingi zikiwa kwa kalamu kwenye karatasi ya mtihani. Kisha inafika siku tunapotaka programu ifanye jambo ambalo mtu atalilipia: itume ombi la malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, huduma ya Safaricom kwa waandishi wa programu, isome hifadhidata ya duka la dawa, ipunguze ukubwa wa picha, izungumze na mita ya umeme kiwandani. Kwa mambo hayo hakuna anayeandika kila kitu kutoka mwanzo. Zipo maktaba zilizokwisha kuandikwa, za bure, zinazotumiwa duniani kote. Kilichobaki ni kukompaili msimbo wetu na kuuunganisha na maktaba hizo kwenye Linux. Sehemu hiyo ndiyo hatukufundishwa, na ndiyo inayokula bando letu, usingizi wetu na alama zetu.

Chukua kipeuo cha pili. Mkufunzi anaandika programu inayokokotoa kipeuo cha 16 kwa funksheni ya sqrt. Anaikompaili kwa "gcc hesabu.c", inatoa 4, darasa linaendelea. Jioni mwanafunzi anaibadilisha kidogo ili mtumiaji aingize namba yake mwenyewe. Amri ni ileile, faili ni karibu ileile, lakini sasa anaambiwa "undefined reference to sqrt". Anatazama juu ya faili: math.h ipo. Anakagua tahajia: sawa. Anafuta, anaandika upya, anaambulia patupu. Kilichotokea ni kwamba katika programu ya mkufunzi namba ilijulikana tangu mwanzo, kwa hiyo kompaila ya GNU ilikokotoa jibu yenyewe wakati wa kukompaili na haikuhitaji maktaba yoyote. Namba inapotoka kwa mtumiaji, jibu haliwezi kujulikana mapema. Funksheni halisi inahitajika, nayo iko ndani ya libm, maktaba ya hisabati ambayo kwenye Linux imetengwa na maktaba kuu ya C. Ni lazima uiombe kwa kuandika -lm. Hayo ni maelezo ya dakika chache za somo. Tumenyimwa, tukabaki tukiamini kwamba mashine ina siku zake nzuri na siku zake mbaya.

Ukishaambiwa habari ya -lm bado hujafika. Nukuu nyingi za masomo tulizo nazo zimeandika "gcc -lm hesabu.c". Kiunganishi husoma mstari kutoka kushoto kwenda kulia, na tangu Ubuntu 11.10, iliyotoka Oktoba 2011, huagizwa kuiacha maktaba yoyote ambayo kufikia hapo hakuna faili iliyoihitaji. Ukiitaja maktaba kabla ya faili yako, inaachwa, na kosa linarudi vilevile. Ukiitaja mwishoni, "gcc hesabu.c -lm", mambo yanakuwa shwari. Kwenye distro nyingine ya Linux isiyo na mpangilio huo amri ya kwanza inapita bila taabu. Basi wanafunzi wawili wa chumba kimoja pale Juja, wenye nukuu moja na msimbo mmoja herufi kwa herufi, mmoja anapata jibu na mwingine anapata kosa. Aliyepata kosa anaambiwa amenakili vibaya. Hakunakili vibaya! Alinakili sawasawa kitu kilichoandikwa kabla mashine yake haijatengenezwa.

Hizo nukuu zenyewe ni kilio kingine. Tunazinunua kwa fotokopi, kurasa zimefifia, na ukurasa wa kwanza kabisa una "conio.h", "clrscr" na "getch". Vitu hivyo ni vya Turbo C ya kampuni ya Borland, iliyotoka mwaka 1987 kwa mashine za DOS. Linux haina faili iitwayo conio.h, haijawahi kuwa nayo. Ukitaka kufuta skrini na kusoma kibonyezo kimoja kwenye Linux, unatumia maktaba ya ncurses na unaiomba kwa -lncurses. Kuna vyuo ambavyo vimehamia Linux kwa sababu haina leseni ya kulipia, na huo ni uamuzi mzuri. Lakini vilihamisha mashine vikaacha nukuu kule kule. Mtoto wa mwaka wa kwanza anaandika alichopewa, mstari wa kwanza unakataliwa, na anajiona yeye ndiye mjinga katika darasa la watu wenye akili.

Tungependa mtu mmoja tu asimame mbele ya darasa aseme jambo hili waziwazi: programu ya C hukataliwa kwa nyakati tatu, na kila wakati una sababu zake. Menyu iliyobandikwa ukutani mwa kibanda haikushibishi; inakueleza tu kinachopikwa na bei yake, chungu kiko jikoni. Faili ya kichwa, ile ya .h, ni menyu. Kompaila huisoma ili ijue funksheni fulani ipo, inapokea nini na inarudisha nini. Isipoiona menyu, inalalamika kwamba faili haipo, na dawa ni kuelekeza folda kwa -I au kusakinisha kifurushi chenye vichwa. Baada ya hapo kiunganishi kinaingia jikoni kutafuta chungu chenyewe, yaani maktaba, ile ya .so au .a. Kisipoiona, au kikikuta haina funksheni uliyoiita, kinasema kivyake, na hapo dawa ni -L na -l. Halafu kuna wakati wa tatu ambao wengi hawaufikirii: programu imeshajengwa, unaianzisha, na ld.so, kipande kinachopakia maktaba programu inapoanza, nacho kinatafuta tena kwa orodha yake. Maktaba ikiwa mahali ambapo ld.so haiangalii, programu iliyounganishwa bila kosa lolote inakataa kuanza.

Hasa huo wakati wa tatu umetutesa. Unapakua msimbo wa maktaba, unafuata maelekezo, configure, make, make install, inajiweka ndani ya /usr/local/lib. Unaunganisha, inakubali. Unaianzisha, unaambiwa faili ya .so haiwezi kufunguliwa kwa sababu haipo, na wewe unaiona kwa macho yako ipo. Kinachokosekana ni amri moja, "sudo ldconfig", inayosasisha orodha ambayo ld.so huisoma. Amri moja! Tumewaona wenzetu wakifuta Linux nzima na kuisakinisha upya kwa kukosa kuambiwa neno hilo.

Na hata ukiambiwa, maabara za vyuo vingi hazikupi ruhusa ya sudo. Tunaelewa kwa nini. Hakuna mwenye maabara anayetaka kila mwanafunzi awe na mamlaka juu ya mashine. Nyingine zimewekwa programu inayorudisha kila kitu kama kilivyokuwa mashine ikizimwa, hivyo ulichosakinisha asubuhi hakipo jioni. Lakini Linux ina njia kwa mtu asiye na mamlaka. Unaweza kuijenga maktaba ndani ya folda yako mwenyewe kwa --prefix, ukaibeba kwenye flashi, ukaielekeza ld.so kwa LD_LIBRARY_PATH au ukaandika njia ndani ya programu yenyewe kwa -Wl,-rpath. Njia hizo haziombi ruhusa ya mtu. Hazimo katika nukuu yoyote kati ya zile tulizonunua.

Fundi mmoja kati yetu alienda kufanya mafunzo ya kazini katika kiwanda kimoja cha Thika. Msimamizi alimtaka aandike programu ndogo ya kusoma mita za umeme ili kiwanda kijue mashine ipi inakula stima kuliko nyingine. Mita hizo huzungumza kwa itifaki ya Modbus, na ipo maktaba nzuri ya C kwa kazi hiyo, libmodbus. Kompyuta ya kiwandani ilikuwa nayo tayari. Aliiona faili yenyewe, libmodbus.so.5. Kiunganishi kikaendelea kusema "cannot find -lmodbus". Debian na Ubuntu kwa kawaida huigawa maktaba katika vifurushi viwili: kimoja cha kuendeshea programu, na kingine, chenye jina linaloishia na -dev, cha mtu anayeandika programu. Cha kwanza kina libmodbus.so.5. Cha pili kina faili za vichwa pamoja na kiungo kiitwacho libmodbus.so, bila namba, na hicho kisicho na namba ndicho kiunganishi hukitafuta. Mgawanyo huo una busara yake. Mtumiaji wa kawaida hana haja na vichwa, na namba mwishoni huruhusu matoleo mawili ya maktaba moja kukaa katika mashine moja bila kugombana. Kijana wetu hakuyajua hayo, msimamizi naye hakuyajua, na ripoti iliyorudi chuoni ilisema hana ujuzi wa kutosha wa C. Alikuwa nao. Alikosa kifurushi kimoja kiitwacho libmodbus-dev.

Majina nayo hayana mpangilio ambao mtu anaweza kuukisia. Faili ya kichwa ya maktaba ya kubana data ni zlib.h, ukiunganisha unaandika -lz, ukisakinisha kwenye Ubuntu unaomba zlib1g-dev, na kwenye Fedora zlib-devel. Ile herufi g ni masalio ya miaka ya mwisho ya 1990, Debian ilipohama kutoka maktaba kuu ya C ya zamani, libc5, kwenda mpya, glibc, na imeachwa hapo hadi leo. Kwa libcurl, ambayo sisi huihitaji zaidi kwa sababu ya Daraja, mwanafunzi huanza kwa "apt install curl", akidhani ndiyo. Anapata chombo cha kuandikia amri, si vichwa. Anachohitaji ni libcurl4-openssl-dev, au ndugu yake wa gnutls, na hakuna mahali panapomweleza achague kipi. Anayeandika Python huandika "pip install" na jina, basi. C ilizaliwa mwaka 1972 mikononi mwa Dennis Ritchie pale Bell Labs, wakati ambapo hapakuwa na mtandao wa kupakulia maktaba za watu, na hadi leo haina mlango mmoja wa kuingilia. Hilo hatumlaumu mtu. Tunachosema ni kwamba lugha ya namna hiyo inahitaji mwalimu zaidi, na sisi tumepewa mwalimu pungufu.

Sasa piga hesabu ya bando. "apt update" peke yake kwenye Ubuntu mpya huvuta makumi ya megabaiti za orodha kabla hujasakinisha chochote. Ukiomba libgtk-3-dev, inakuja na msururu wa vifurushi vingine vya -dev ambavyo inavitegemea. Mwanafunzi aliyepanga Gachororo pale Juja, au Kihunguro, hutumia simu kama modemu, na hununua bando la saa moja kwa sababu ndilo analoliweza. Saa inaisha vifurushi havijafika nusu. Anaongeza jingine. Akikosea jina la kifurushi, amelipia kosa. Akikosea tena, amelipia tena. Mama mmoja mwenye saiba Makongeni anatuambia vijana humjia na kipakatalishi cha ex-UK wakimwomba, "Mama, niunganishie waya dakika kumi tu, nina kifurushi kidogo." Dakika kumi huwa saa nzima, kwa kuwa hawajui hasa wanachokitafuta. Mama huyo huwa hawadai chochote. Tunamshukuru hadharani, lakini si haki mzigo wa vyuo ubebwe na mama anayelipia kodi ya chumba kimoja.

Wenzetu walio ndani ya kampasi zilizounganishwa na KENET, mtandao wa intaneti wa vyuo vya Kenya, wana afadhali wakiwa ndani ya lango. Wakitoka kwenda walikopanga wanarudi kwetu. Tena intaneti yenyewe si ya kutegemea kila siku: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya Kenya na ya majirani ilikwenda kwa kujikokota kwa siku kadhaa. Tarehe 25 Agosti 2023 stima zilipotea karibu nchi nzima. Mambo kama hayo yatatokea tena. Ndiyo maana inatushangaza kwamba maabara nyingi tunazozijua hazihifadhi vifurushi vya Linux mahali popote ndani ya chuo. Kila mashine inavuta faili ileile kutoka nje, kila muhula, kila mwanafunzi peke yake.

Mkufunzi wa muda aliye miongoni mwetu ameomba haki itendeke katika malalamiko haya, na tunamsikiliza. Analipwa kwa saa. Silabasi inataja mada, na ya kuunganisha maktaba haimo, au imo kwa mstari mmoja. Darasa lina wanafunzi wengi kuliko mashine. Mtihani ni wa karatasi, na mtahini anauliza tofauti ya while na do-while. "Nikitumia wiki mbili kufundisha jambo lisilotahiniwa," anasema, "watoto watafeli yale yanayotahiniwa, na muhula ujao sitaitwa." Tunakubali. Lawama yetu haimlengi yeye. Inawalenga wanaopanga silabasi, wanaotunga mitihani na wanaotia sahihi bajeti za maabara. Wao wanajua kwamba hakuna kazi yoyote ya C, wala ya kifaa kidogo cha shambani wala ya seva, inayofanywa bila kuunganisha, na bado wameiacha mada hiyo nje.

Siku ya kuwasilisha mradi wa mwisho ndiyo inayoumiza kuliko zote. Mwanafunzi amejenga programu yake nyumbani kwenye Ubuntu 22.04, ameijaribu, inafanya kazi. Anaileta chuoni kwenye flashi, faili iliyokwisha kujengwa. Mashine ya maabara ina Ubuntu 20.04. Anaianzisha mbele ya jopo, na skrini inasema toleo la GLIBC_2.34 halipo. Ubuntu 20.04 ina glibc 2.31, 22.04 ina 2.35. Programu iliyojengwa kwenye glibc mpya inaweza kudai funksheni, au matoleo ya funksheni, ambayo ya zamani haina, ilhali iliyojengwa kwenye ya zamani kwa kawaida hukubaliwa na mpya. Ukijua hilo, unajenga kwenye mashine ya zamani kuliko zote utakazozitumia, au unakuja na msimbo na kuukompaili papo hapo. Asiyejua anasimama mbele ya watu watatu wenye kalamu, hana la kusema. Tumeona mwanafunzi hodari akipewa alama za mtu aliyenunua mradi, kwa sababu jopo liliamini kwamba programu isiyoanza si yake. Jopo nalo halikujua maana ya ujumbe ule.

Kuna upande wa hatari pia. Ubuntu 22.04 ilipotoka Aprili 2022 iliacha OpenSSL 1.1 ikachukua OpenSSL 3, na programu nyingi za zamani zikaanza kulia kwamba libssl.so.1.1 haipo. Vijana wakatafuta. Wakapata faili za .deb na za .so kwenye tovuti ambazo hakuna anayejua mwenyewe ni nani, wakazisakinisha kwa sudo, wakashukuru. Maktaba unayoiingiza hivyo inafanya kazi ndani ya programu yako ikiwa na mamlaka yako yote. Machi 2024 ilibainika kwamba mtu alikuwa amepenyeza mlango wa siri ndani ya matoleo mawili ya xz, zana ya kubana data, katika maktaba yake ya liblzma, na aliyegundua, Andres Freund, alianza kwa kushuku tu kwamba kuingia kwa ssh kulichukua muda mrefu kuliko kawaida, takriban nusu sekunde. Hiyo ilikuwa maktaba rasmi, inayoangaliwa na wataalamu. Sisi tunapakua za vichochoroni kwa sababu hatukuonyeshwa njia halali, na kati yetu wamo wanaoandika programu za kupokea malipo ya watu.

Lugha ya makosa yenyewe ni kizuizi ambacho watu husahau kukitaja. Ujumbe wa kiunganishi ni wa Kiingereza cha kifundi ambacho hata aliyepata A ya Kiingereza KCSE hakielewi mara ya kwanza. Kompaila ya GNU ina tafsiri za Kifaransa, Kijerumani, Kituruki, Kivietinamu, Kiindonesia na nyingine. Kiswahili hakimo. Katika binutils, mkusanyiko wa zana ambamo kiunganishi ld kimo, kuna faili za tafsiri za Kinyarwanda. Za Kiswahili hakuna. Tunawapongeza Wanyarwanda. Lakini mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa OpenOffice ya Kiswahili iliyoitwa Jambo, kwa hiyo uwezo ulikuwapo zamani. Kenya ina idara za Kiswahili na idara za kompyuta katika kampasi zilezile, watu wakila katika mkahawa mmoja, na bado kijana wa Kimbo anaposoma kosa la kiunganishi hana sentensi hata moja ya lugha yake ya kumshika mkono.

Serikali iliahidi kilomita 100,000 za nyaya za faiba na maeneo 25,000 ya Wi-Fi ya umma. Tunayasubiri na tutayatumia. Tatizo hili, hata hivyo, halingoji faiba. Ipo programu ya bure iitwayo apt-cacher-ng. Unaiweka kwenye mashine moja ya maabara, hata ya zamani. Mwanafunzi wa kwanza akiomba zlib1g-dev, inavutwa kutoka nje mara moja na kuhifadhiwa. Wa pili hadi wa mia wanaipata kutoka ndani ya chumba, bila bando. Inahifadhi kilichoombwa tu, kwa hiyo haihitaji diski kubwa. Wengine kati yetu tumeiweka kwenye saiba ya yule mama wa Makongeni, na kijana anayekuja leo kuomba waya anamaliza shida yake kabla chai haijapoa. Chuo chenye fundi mmoja wa maabara kinaweza kufanya hivyo kesho asubuhi.

Zana za kujisaidia nazo zipo, zimo ndani ya Linux tayari au hazigharimu chochote: pkg-config inayojua bendera za maktaba nyingi, ukaandika "gcc malipo.c $(pkg-config --cflags --libs libcurl)" badala ya kubahatisha, ldd inayoonyesha programu inategemea maktaba zipi na ipi haipatikani, nm inayoorodhesha funksheni zilizomo ndani ya maktaba. Mtu mwenye zana hizo tatu hashiki tama mbele ya skrini usiku kucha. Tunataka zifundishwe katika muhula uleule wa C, mara tu baada ya funksheni, kabla ya viashiria kama inawezekana, maana kila mwanafunzi atahitaji -lm kabla ya kuhitaji orodha zilizounganishwa.

Tunataka nukuu za conio.h ziondolewe madukani mwa fotokopi na vyuo vichapishe mpya, zenye jina la distro na toleo lake juu ya kila amri. Tunataka kila maabara iwe na hifadhi ya vifurushi, na mwanafunzi aonyeshwe jinsi ya kujenga maktaba katika folda yake bila sudo. Tunataka majopo ya miradi yamruhusu mwanafunzi kukompaili papo hapo mbele yao. Na tunataka swali moja la mtihani wa vitendo, kwenye mashine, bila intaneti: mwanafunzi apewe faili moja ya .c inayobana maandishi kwa zlib, na kifurushi cha -dev kiwe kimehifadhiwa mahali ndani ya mashine. Akisakinishe, akompaili, aunganishe, aendeshe, na aandike kwa Kiswahili au Kiingereza maana ya kila kosa alilokutana nalo njiani. Wanaotunga mitihani wakiliweka swali hilo, wakufunzi watalifundisha; na wakihitaji watu wa kulijaribu kabla halijafika darasani, tuko Thika na Ruiru, tutakuja na vipakatalishi vyetu wenyewe.